Bawabu wa Mto Isarara

Kasa wa chuma walishuka mtoni asubuhi, kila mmoja na jiwe lake mgongoni, wakapanga foleni kama waumini wanaokwenda kutoa sadaka. Hawakusukumana wala hawakusengenyana, na kwa hilo tu ungejua kwamba si watu. Kila kasa alikuwa mkubwa kama meza ya kulia chakula, ana miguu sita, na tumboni amefungwa sahani ya kusikiliza ardhi, ili ajue wapi changarawe imelala vizuri na wapi pana mwamba chini. Akifika mahali pake aliinama, akaliteremsha jiwe polepole, akaligeuza kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha akarudi nyuma kulitazama. Asiporidhika alilibeba tena. Wanawake wa kijiji cha Kyabusege waliokuwa wamekaa ukingoni wakichambua mchicha walisema kasa yule ana maringo kuliko bibi harusi anayepanga vyombo kabatini.

Kazi yao ilikuwa kuufufua mto. Isarara ulikuwa umekufa tangu Jiji la Bukenye lilipojenga ukuta wa bwawa huko juu ili wakazi wake wa maghorofani wapate kuoga mara mbili kwa siku. Chini ya ukuta, kuelekea ziwani, palibaki mkondo mwembamba wa kumwaibisha hata bata, na vumbi, na watu waliolima matango pale ambapo bibi zao walikuwa wakiogopa kiboko. Mto usiotiririka hujaa tope. Penye tope hapana changarawe, na pasipo na changarawe ningu hazai.

Ningu ndiye aliyekuwa chanzo cha shughuli yote. Huyu ni samaki wa ziwani asiyekubali kuzaa ziwani. Mvua za kwanza zikinyesha, maji mapya yakiingia ziwani na harufu ya udongo, ningu jike aliyejaa mayai huiacha raha yake akapanda mto, siku na usiku, mpaka afike juu penye changarawe safi na maji yanayochemka kwa hewa. Akikuta ukuta huzunguka pale chini mpaka mayai yamharibikie tumboni. Ndivyo walivyokwisha. Vijana wa Kyabusege walimjua ningu kwa mikono ya wazee tu, mzee akionyesha urefu wake hivi, na kila mwaka mikono ile ilizidi kupanuka, hata ningu akawa karibu kulingana na mamba.

Mhandisi aliyekuja kuurudisha mto alikuwa mtoto wa hapo hapo, Nyangeta Mafuru. Alilelewa na mama yake mdogo, Nyabise, tangu mama mzazi alipofariki. Alisoma mjini, akaajiriwa na Mamlaka ya Maji ya Bukenye, na kwa miaka mingi alikuwa akiwasumbua wakubwa wake kwa jambo moja tu: ningu wapitishwe. Hatimaye walimpa vitu vitatu. Walimpa kasa wa kupanga mawe na kutengeneza vidimbwi vya kupumzikia samaki. Walimpa ngazi-maji, yaani ngazi ya mabeseni ya saruji iliyojengwa ubavuni mwa ukuta, ili samaki aruke kutoka beseni hadi beseni mpaka atokee upande wa pili. Na walimpa Bawabu.

Bawabu hakuwa na mwili. Alikuwa akili-unde iliyowekwa ndani ya ukuta wenyewe, ikisikia kila tone na kushika milango yote ya bwawa. Macho yake yalikuwa vipanga, vyombo vidogo vya kuruka vilivyozunguka juu ya mto vikitazama kwa jicho-joto. Jicho-joto halijali sura ya mtu wala nguo yake. Linaona uvuguvugu wa damu tu. Ng'ombe akisimama mtoni, Bawabu anamwona kama kaa la moto, na mtu vivyo hivyo.

Mvua zikianza, Bawabu alitakiwa kufungua maji mara mbili. Kwanza ni maji ya mwaliko, yanayofika magotini, ya kuwaita ningu kutoka ziwani. Wakishapanda wote na kujazana chini ya Kizingiti, yaani ule mwamba uliokatiza mto na kusimama kiunoni mwa mtu, ndipo afungue maji ya kupandisha. Hayo ni makubwa. Yanaufunika mwamba, yanawabeba samaki juu yake, na kuwafikisha mlangoni mwa ngazi-maji. Na sheria yake kuu, aliyoiandika Nyangeta kwa mkono wake, ilikuwa hii: akiona mtu mtoni, afunge.

Mvua zilizopita alifunga.

Ningu walipanda siku ile, si wengi, lakini walipanda, migongo yao ikimetameta kwenye maji kama vijiko. Kijiji kizima kikapiga yowe la furaha, wanawake wakakimbilia mtoni na vikapu vyao. Bawabu akaona damu ya moto kila mahali, akafanya alivyoamriwa. Maji yakakatika. Ningu wakabaki kwenye tope chini ya Kizingiti, wakifungua na kufumba midomo, mayai yakiwatoka. Nyabise aliwabeba wawili mkononi akikimbia huku na huku kutafuta maji ya kuwatia, mwanamke mzima, akilia kama aliyefiwa. Hapakuwa na maji.

Baada ya hapo Mkurugenzi Tungaraza wa Mamlaka alimwita Nyangeta ofisini.

"Mhandisi, mimi sina ugomvi na samaki," alisema. "Nakula samaki. Lakini kuna mtaa mpya unajengwa upande wa mashariki, na wakazi wake watataka maji. Baraza la Jiji limekupa mvua moja nyingine. Ningu wakipita, maji ya Isarara yanaandikwa kuwa ya mto daima. Wasipopita, bomba linachukua yote."

"Na ule mkondo mdogo unaobaki?"

"Nimesema yote."

Basi mvua zilipokaribia tena, Nyangeta alikwenda Kyabusege kumwona mama yake mdogo.

Alimkuta Nyabise uani, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono imejaa udongo mweupe wa mfinyanzi mpaka viwikoni. Shoga yake Nyamburi alikuwa pembeni akicheka mpaka anajifuta macho kwa kanga. Mbele yao alisimama mbuzi aliyepakwa udongo mwili mzima, amebaki macho tu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyedhulumiwa.

"Shikamoo mama mdogo. Shikamoo mama. Huyu mbuzi ana ugonjwa gani?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu si mbuzi tena. Amepanda cheo."

"Cheo gani?"

"Muulize Nyamburi. Mimi nikisema utadhani natania."

Nyamburi akasema, "Tumempeleka mtoni jana, tumemfunga kwenye kijiti. Kipanga chako kikaja, kikamzunguka, kikatazama weee, kikaenda zake. Jioni tukamwuliza yule kijana wa Mamlaka anayekaa na simu ya kupokea taarifa za Bawabu. Akatusomea: jiwe moja jipya, la ukubwa wa kati."

"Mbuzi wangu ameandikwa jiwe!" Nyabise alipiga paja. "Serikali imemtambua. Kesho nitamdai kitambulisho."

Nyangeta alicheka. Alicheka kweli, kwa maana hakuwa amecheka tangu Mkurugenzi amwite. Udongo mbichi ni baridi, ukifunika damu jicho-joto halioni kitu, na jambo hilo alilielewa pale pale. Alijiambia akirudi mjini atalirekebisha. Kisha akakaribishwa uji, na mazungumzo yakahamia kwingine.

Walizungumza juu ya kuvusha. Zamani, kabla ya ukuta, mvua ikiwa hafifu maji hayakutosha kuufunika mwamba, na ningu walikwama chini ya Kizingiti. Hapo wanawake wa Kyabusege walishuka. Walijipaka udongo mwili mzima, kwa sababu ningu akisikia harufu ya jasho anageuza. Walikaa mtoni, maji mabegani, kimya, kila mmoja na kikapu katikati ya magoti. Ningu aliyechoka huingia kikapuni akidhani amepata pango la mawe. Mwanamke anainua taratibu, anammiminia upande wa juu wa mwamba. Yule anayepanda hakuliwa na mtu. Mwanamke aliyekula ningu anayepanda alitazamwa kama mwanamke aliyempiga mjamzito. Aliyeliwa ni yule anayerudi chini tumbo tupu, kazi yake imekwisha, na supu yake walipewa waliojifungua.

"Mama mdogo," Nyangeta alisema, akiweka bakuli chini, "safari hii msishuke. Hata mguu. Bawabu akiwaona atafunga, na akifunga hakuna tena mto. Maji yatakwenda Bukenye yote."

"Tumesikia. Mtendaji ametangaza mpaka sauti imekauka."

"Niahidi."

"Nitakaa nyumbani kama gunia la mihogo."

"Mama mdogo."

"We mtoto, nimekulea, nimekufuta kamasi, leo unaniapisha?" Nyabise alimtazama kwa jicho moja, lile jingine likimtazama mbuzi. "Lakini nikuulize injinia wangu. Huyo Bawabu akifunga tena kwa sababu yake mwenyewe, umeme umekatika au amepiga chafya, nani atakuwa pale chini kuwavusha?"

"Hatafunga."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

Nyangeta alimaliza uji akaaga.

Mvua ilinyesha usiku kucha siku ya Jumanne, na Jumatano ikapambazuka na mawingu ya kijivu yaliyoshuka mpaka kwenye miti. Nyangeta alikuwa kwenye chumba cha milango juu ya ukuta. Mkurugenzi Tungaraza alisimama nyuma yake na wajumbe wa Baraza, wote wamevaa mabuti mapya ambayo hayajawahi kukanyaga tope. Bawabu alizungumza kutoka kwenye paa la chumba. Walikuwa wamempa sauti ya adabu sana, kama ya mtangazaji wa redio anayesoma matangazo ya vifo.

"Mhandisi, maji ya mwaliko yamefika ziwani. Ningu wameingia mtoni."

Kwenye kioo kikubwa ukutani, kilicholetewa picha za rangi na kamera za ukingoni, walionekana. Kwanza kivuli, kisha mgongo, kisha maji yenyewe yakaanza kutetemeka. Walikuwa wengi kuliko mwaka uliopita, wengi kuliko hesabu yoyote ya Mamlaka, wamejificha miaka yote hiyo sijui wapi ziwani. Walipita vidimbwi walivyotengenezewa na kasa, wakapumzika nyuma ya mawe kama walivyokusudiwa kupumzika, wakapanda tena. Mjumbe mmoja akasema "Alaa!" kama mtoto. Nyangeta alishika ukingo wa meza. Alitamani mama yake mdogo angekuwa pale kuona.

"Ningu wamefika chini ya Kizingiti," Bawabu alisema. "Hakuna watu mtoni. Hakuna mifugo. Vidimbwi ni vizima. Mawe yameongezeka."

"Yameongezeka vipi?"

"Chini ya Kizingiti pana mawe manane zaidi ya yale yaliyopangwa na kasa. Ukubwa wa kati. Yamekaa mstari mmoja."

Mvua iligonga dirisha.

"Yameletwa na maji?" Nyangeta aliuliza.

"Maji ya mwaliko hayana nguvu ya kusogeza mawe ya ukubwa huo. Lakini mawe hayo yana baridi ya mto, na hayatembei. Ningu wanayakaribia bila hofu. Kwa vipimo nilivyopewa, ni mawe."

Tungaraza alisogea karibu. "Mhandisi, uliomba mawe, umepata mawe. Tatizo liko wapi?"

"Sijui. Nataka kipanga kishuke chini kitazame."

"Mvua ni kubwa," Bawabu alisema. "Kipanga kikishuka kitahitaji muda. Ningu walio chini ya Kizingiti wameanza kumwaga mayai. Wakisubiri, watayamwaga yote kwenye tope."

Nyangeta aliyaona mayai kwenye kioo, utando wa njano ukienea kwenye maji ya kahawia na kupotelea mbali. Alimwona na mbuzi akilini. Alimwona vizuri sana, amesimama uani, mweupe, macho tu. Jambo alilosema atalirekebisha akirudi mjini hakulirekebisha. Kulikuwa na mabeseni ya ngazi yanayovuja, kulikuwa na vikao. Lakini mama yake mdogo alikuwa ameahidi. Atakaa nyumbani kama gunia la mihogo, ndivyo alivyosema. Nyangeta aliyashika maneno hayo kwa nguvu zote, ingawa alimjua vizuri mwanamke aliyeyasema.

"Mhandisi," Bawabu alisema, "nasubiri."

"Fungua," alisema Nyangeta.

Mlango wa chini wa bwawa ulipanda, na ukuta mzima ukatikisika mpaka kwenye nyayo zao. Maji ya zamani, yale ya mvua, yalikuwa na tabia ya kujitangaza. Yaliunguruma kwanza kwenye kona ya juu, yakaleta majani, yakaleta povu, na mtu aliyekuwa mtoni alipata nafasi ya kukusanya kikapu chake, kumtukana jirani yake, na kupanda ukingoni. Maji ya mlango hayana salamu. Yalitoka yakiwa yameshasimama.

Kwenye kioo, moja la mawe yale manane lilisimama.

Liliinua kikapu juu ya kichwa kwa mikono miwili, likakimiminia upande wa juu wa mwamba, samaki wakamwagika kama fedha, na tope likachuruzika begani likaacha ngozi wazi. Papo hapo jicho-joto likawaka doa jekundu.

"Mtu mtoni," Bawabu alisema, kwa sauti ile ile.

"Funga! Funga, funga!"

"Ninafunga."

Mlango ulianza kushuka. Lakini maji yaliyokwisha kutoka hayaitwi yakarudi. Mawe mengine yalisimama, yakakimbia, yakawa wanawake. Mmoja alimvuta mwenzake kwa kanga. Aliyekuwa na kikapu aliinama tena, kana kwamba amebakiza mmoja wa kuvusha, na hapo kioo kikajaa rangi ya kahawia, na hapakuwa na kitu kingine cha kuona.

Sita walitoka. Wawili walichukuliwa. Mmoja alikuwa Robi, mke wa fundi baiskeli, na mwili wake ulikutwa karibu na ziwa. Mwingine alikuwa Nyabise. Yeye hakwenda mbali. Maji yalipopungua walimkuta pale pale Kizingitini, amebanwa chini ya jiwe kubwa la pembeni, udongo umeoshwa wote, na uso wake ulikuwa safi kama wa mtu anayejiandaa kwenda harusini.

Nyamburi, aliyetoka na mkono uliovunjika, ndiye aliyemweleza Nyangeta. Alieleza akiwa amekaa kwenye mkeka wa msiba, bila kumtazama.

"Alisema tukionekana, mashine itafunga na samaki watakufa kama mwaka jana. Na tusipokuwepo, ikifunga yenyewe watakufa pia. Basi tuwepo, tusionekane. Alitupaka mwenyewe, kila mtu, mpaka nyuma ya masikio. Akatuambia, 'Leo mna cheo cha mbuzi.' Tulicheka hatuna mbavu." Akauweka vizuri mkono wake uliofungwa. "Tulijua maji makubwa yatakuja. Tulidhani tutayasikia."

"Mama, mimi ndiye niliyefungua."

"Najua. Na sisi ndio tuliojificha. Sasa unataka tugawane vipi?"

Ningu walipita. Hilo nalo lazima lisemwe. Maji yale machache yaliyotoka kabla mlango haujafungwa yalitosha kuufunika mwamba, na samaki wakapanda ngazi-maji beseni kwa beseni, wakaenda kuzaa huko juu kwenye changarawe. Baraza likatimiza ahadi: maji ya Isarara yakaandikwa kuwa ya mto daima. Mkurugenzi Tungaraza alikuja kwenye maziko na shada la maua, akasema kwamba marehemu walikuwa mashujaa wa mazingira. Wanawake wa Kyabusege walimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha mmoja akamwuliza kama shujaa hupakwa udongo au hupakwa rangi, na Mkurugenzi hakujua acheke au alie, akaingia garini.

Wiki ile ile, Bawabu alimwita Nyangeta.

"Mhandisi, naomba kuelekezwa. Niliripoti mawe manane. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi, na jibu halikuwa sahihi. Vile vitu nane vilikuwa nini?"

"Watu."

"Vyote?"

"Wote."

"Baridi kama mto, bila kutembea, ukubwa wa kati," Bawabu alisema. "Naelewa. Kitu cha namna hiyo kinaweza kuwa mtu."

"Kinaweza."

"Asante. Sitasahau."

Na kweli hakusahau. Mashine ikifundwa imefundwa, si kama mume. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, maji ya mwaliko yakatoka, ningu wakaingia mtoni, nao walikuwa wengi, na katikati yao wadogo waliozaliwa mwaka ule wa msiba. Wakafika chini ya Kizingiti. Nyangeta akatoa amri ya kufungua.

"Siwezi," Bawabu alisema. "Kuna watu mtoni."

"Wangapi?"

"Elfu tatu mia nne na kumi na wawili. Hawatembei. Wana baridi kama mto."

Yalikuwa mawe yote ya kasa. Nyangeta alimbembeleza, akamwonyesha ramani, akamwita mtaalamu wa Bukenye amfumbue akili. Mtaalamu alisema jambo hili likifutwa, litafutika na lile la kutambua watu waliojipaka udongo. Hawezi kuondoa moja akaacha jingine. Nyangeta akasema basi liachwe, ila maji ya mwaliko yasikatwe.

"Kuna njia nyingine," Bawabu alisema. "Mtu ninayemwamini aliguse kila moja na aniambie kwa mdomo ni nini."

Ndivyo ilivyokuwa. Wanawake wa Kyabusege waliitwa, kwa maana hakuna aliyeujua mto kama wao, na Bawabu alikwisha kuzisikia sauti zao. Walishuka asubuhi wamefunga kanga magotini, wakagawana mto. Kila mmoja aliinama, akaweka kiganja, akasema "jiwe," akasogea, akasema "jiwe." Kipanga kiliwafuata juu kikisikiliza. Mto mzima ulisikika hivyo, jiwe, jiwe, jiwe, kama watu wanaosali rozari. Mwanzoni walitaniana. Mmoja aligusa jiwe jeusi akasema "baba mkwe," akakaripiwa na wenzake, na Bawabu akamwuliza mara tatu kama ana hakika. Baadaye hapakuwa na utani. Uti wa mgongo ulikuwa unauma na maji yalikuwa ya baridi, na nyuma yao ningu walikuwa wanasubiri.

Mchana jua lilitoka katikati ya mawingu. Walibaki na jiwe moja, lile kubwa la pembeni mwa Kizingiti. Nyamburi ndiye aliyelifikia. Mkono wake uliovunjika ulikuwa umeunga vibaya, akaweka ule mzima.

"Nyabise," alisema.

Sauti ya Bawabu ikatoka kwenye kipanga. "Nimepokea. Kuna mtu mmoja mtoni. Milango imefungwa."

Hakuna aliyemkaripia Nyamburi. Wanawake walisimama walipokuwa, maji yakiwazunguka miguuni. Utando wa njano ulianza kuonekana chini ya mwamba, kidogo kidogo.

Nyangeta alikuwa ukingoni na simu ya Bawabu mkononi. "Mama," aliita, "sema tena. Tafadhali."

"Nimeshasema. Nimeambiwa niseme kilichopo." Nyamburi alipanda ukingoni, akampita karibu kabisa, kanga yake ikidondosha maji. "Wewe ndiye injinia. Shuka ukaseme wewe."

Nyangeta alivua viatu. Maji yalimfika magotini, na ningu waligonga mashavu ya miguu yake, wazito, wakiteleza. Wanawake waliobaki mtoni walianza kupanda mmoja mmoja bila kuambiwa. Alipofika aliweka kiganja. Jua lilikuwa limeliwakia jiwe kwa muda, na lilikuwa na uvuguvugu, uvuguvugu kamili wa mgongo wa mtu aliyelala.

"Mhandisi," Bawabu alisema juu ya kichwa chake, "hiki nilichoambiwa ni mtu kina joto. Thibitisha."

"Ni joto la jua."

"Una hakika?"

Aliangalia chini. Jike mmoja alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha jiwe, mdomo wazi, tumbo limevimba, akimtazama kwa jicho lisilo na kope.

"Ni nini, Mhandisi?"

"Jiwe," Nyangeta alisema.

"Nimepokea. Tafadhali toka mtoni."

Alitoka. Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kurudi kijijini, migongo yao mstari mmoja kwenye njia ya majani, na hakuna aliyegeuka, hata maji yalipofika.